Mama wa Muze Si Viza Yenu

Wiki tatu zilizopita nilijitoa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu watano. Sikuaga. Wanne waliobaki ni marafiki zangu. Tunasoma pamoja shahada ya uzamili Dar es Salaam, tumekopeshana nauli, tumelala chumba kimoja mitihani ikikaribia. Kesho yake mmoja alinipigia: "Kaka, tumekukosea nini?" Nikamwambia niko kwenye daladala, nitamweleza baadaye. Sikumweleza. Maelezo ni haya, na nayaandika hadharani kwa sababu kundi lao si la kwanza kuwa na mpango wa aina hii, wala halitakuwa la mwisho.

Mpango wenyewe ni huu. Wana Toyota Starlet ya mwaka 1996, injini ya cc 1,300, rangi imeshapauka kwenye boneti. Wanataka kuiendesha kutoka Sumbawanga hadi London. Wangepanda kaskazini kupitia Mpanda na Tabora, waingie Kenya, Ethiopia na Djibouti, wavuke Bahari ya Shamu kwa meli hadi Saudi Arabia, kwa kuwa Sudan iko vitani tangu Aprili 2023, kisha watafute njia ya kufika Uturuki na kuingia Ulaya. Mabara matatu, gari moja bovu, vijana wanne. Watu wangechangia kwa simu, na fedha zingekwenda kwenye zahanati moja katika bonde la Ziwa Rukwa.

Mimi ni mtoto wa Sumbawanga, kwa hiyo nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwomba mjomba wangu, ambaye ni fundi magari, aikague Starlet bure. Ya pili ilikuwa kuchagua zahanati. "Tafuta iliyochoka zaidi," mmoja aliandika, akaweka na kikatuni cha kulia.

Halafu likaja bango. Juu limeandikwa: "Kutoka mji wa wachawi hadi London." Chini yake kuna picha ya mtoto ameshika sahani tupu, picha iliyookotwa mtandaoni, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua ilipigwa nchi gani. Hapo ndipo nilipojitoa.

Nianze na bango, maana ndilo lililofichua mengine yote. Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Wazee wanasema mgeni aliyekuja na mambo yake aliambiwa ayaache nje ya mji. Jina la mji ni katazo, na ninyi wasomi mmeligeuza kuwa tangazo la biashara. Nimezoea utani huo tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, kwa hiyo silii kwa sababu ya utani. Ninachowauliza ni hiki: kama hamkuona haja ya kuuliza jina la mahali lina maana gani, mtaulizaje zahanati ya mahali hapo inahitaji nini?

Tuje kwenye sahani tupu. Ufipa inalisha watu. Uwanda wetu uko juu, mji wenyewe uko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi, mvua na mahindi. Wakati wa mavuno malori yanapanga foleni, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Sumbawanga kwa sababu mahindi yapo ya kununua. Ugali mnaokula Dar huenda umetoka shambani kwa shangazi yangu.

Hata hivyo shida ipo, na ni kubwa kuliko bango lenu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wenye mahindi ya kuuza una watoto wasiofikia kimo cha umri wao. Elimu mliyonayo ingetosha kuwafanya mshtuke na kuuliza kwa nini. Majibu yake ni marefu. Mtoto hushinda na uji mweupe kutwa nzima. Mama huwa shambani kuanzia alfajiri hadi jioni, msimu mzima, na mtoto akabaki na dada yake wa miaka saba. Maji si salama, tumbo la kuhara halimwachi mtoto. Mahindi yakiuzwa, si mama anayeamua fedha inunue nini. Yote haya hayaingii kwenye picha moja. Sahani tupu inaingia, kwa hiyo mkachagua sahani tupu, ingawa kwetu sahani ina ugali.

Wazo hili la kuendesha gari bovu kwa hisani hamkulibuni ninyi. Maarufu zaidi ni Mongol Rally, iliyoanza Uingereza mwaka 2004. Kanuni zake zinajulikana: gari liwe dogo, injini ya lita moja au zaidi kidogo, liendeshwe kutoka Ulaya kuelekea Mongolia bila msaada wa waandaaji njiani, na kila timu ichangishe angalau pauni 1,000 za hisani, nusu yake ikienda Cool Earth, shirika linalolinda misitu ya mvua. Ubovu wa gari ni sharti. Gari zima lingefika bila kisa, na bila kisa hakuna wa kuchangia. Shida inatafutwa makusudi, kama pilipili kwenye mishikaki.

Miaka ya mwanzo magari yaliyofika yaliachwa Mongolia yauzwe kwa ajili ya hisani. Baadaye ushuru na masharti ya kuingiza magari makuukuu vikawa vizito, na mwisho wa safari ukahamishiwa Ulan-Ude, upande wa Urusi. Nchi iliyokuwa ikisaidiwa ilikuwa na maoni yake kuhusu kujazwa magari yaliyochoka. Sisi tunaolipa ushuru wa uchakavu bandarini Dar es Salaam tunawaelewa Wamongolia vizuri sana.

Wazungu wa aina hiyo nimewahi kukutana nao nyumbani. Nilikuwa likizo, nashinda gerejini kwa mjomba nikimpa spana. Likaingia gari dogo lililojaa stika, ndani vijana wanne, wanatoka Cape Town wanaelekea Ulaya, wanachangia watoto fulani mahali fulani. Sitasema walikuwa wabaya. Walisalimia, walikunywa chai na mihogo, walilipa bei waliyotajiwa. Mimi nilikuwa mkalimani. Mmoja akauliza swali, nikalitafsiri: "Mjomba, wanauliza barabara mbaya iko wapi."

Mjomba akaacha kufunga nati. "Waulize tena. Wanataka kuikwepa?"

"Hapana, mjomba. Wanataka kuipita."

Aliwatazama muda mrefu. Walikuwa wameingilia Tunduma, na kuanzia pale walikuta lami mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220. Ramani yao ya zamani iliwaahidi vumbi. Walikuwa wamekosa video.

Sisi lami ile tuliisubiri miaka mingi. Kabla yake, kwenda Mbeya masika ilikuwa safari ambayo mtu anaagwa. Basi lililala porini, mgonjwa wa rufaa alilala humo humo, nyanya zilioza juu ya keria. Barabara ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kutokana na mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Dar es Salaam Februari 2008, George W. Bush alipokuja. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nachukia msaada wa nje. Nimepita juu ya msaada wa nje kila nilipokwenda na kurudi chuoni. Najua pia msaada huo una swichi yake mbali na kwetu: Machi 2016 shirika hilo hilo lilisitisha awamu iliyofuata kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar. Lakini barabara imebaki, na kwa ajili yake hakuna aliyehitaji kuonekana akikwama.

Mjomba aliwaelekeza wageni wale Ntendo, ambako unaacha lami na kuteremka ukingo wa bonde kwenda Muze. Mvua ilikuwa imenyesha. Walirudi jioni, gari limegeuka rangi, wamefurahi kama watoto waliotoka mtoni. Walikwama mara mbili. Wanaume wa kule waliacha mashamba ya mpunga wakaja kuwasukuma. Kwa kawaida yetu kusukuma gari hakuna malipo, aliyekwama ni mgeni wa kila mtu. Miezi kadhaa baadaye nilipata video yao. Ina dakika kumi na moja. Wanaume wa Muze wana sekunde sita, migongo tu. Mashujaa wa safari ni waliokuwa wamekaa ndani ya gari.

Siku ile ile, barabara ile ile, zilipita Probox na Noah za abiria. Nazo ni magari madogo, nayo ni makuukuu. Yalitengenezwa Japani, yakatumika huko mpaka wenyewe wakayachoka, yakapakiwa melini, yakavuka bahari, yakashuka Dar, yakapanda milima hadi Ufipa. Kama ni kuvuka mabara, yalishavuka kabla ya dereva wake kupata leseni. Yanabeba watu wanne kwenye siti ya watatu, kuku chini ya miguu, gunia la mchele juu, na mara nyingine mama mwenye uchungu wa kujifungua anayepandishwa kwenda hospitali ya mji. Dereva wa Probox hachagui siku yenye matope ili kisa kinoge. Akikwama, hakuna kamera. Akifika, anarudi kuchukua wengine.

Kuhusu mama huyo, gari dogo na hisani vimeshakutana katika nchi hii, na vilikutana vizuri. Kuna mfumo unaoitwa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, ukiungwa mkono na Vodafone Foundation, na mwaka 2022 Serikali ikaanza kuueneza nchi nzima. Mama akipata dharura ya uzazi, au mtoto mchanga akizidiwa, inapigwa namba 115 bila malipo. Kituo kinatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au halipo, anapigiwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kufundishwa, mwenye gari lake la kawaida, na analipwa kwa simu akimfikisha mama. Utaratibu wote ni huo. Hauna bango, hauna mtoto wa sahani tupu, hauna haja ya kujua dereva alijisikiaje njiani. Tofauti yake na Starlet yenu ni kwamba kule safari ina mwenyewe, na mwenyewe ni mama.

Najua mtakachonijibu, maana mlikwisha kunijibu kwenye kundi kabla sijatoka. "Fedha ni fedha. Watu hawachangii takwimu, wanachangia kisa." Mlimtaja Kunle Adeyanju, Mnigeria aliyeondoka London kwa pikipiki Aprili 19, 2022 akafika Lagos Mei 29, akiichangia kampeni ya Rotary ya kutokomeza polio. Mngeweza pia kuitaja Kili Challenge ya Mgodi wa Geita na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, inayopandisha watu Mlima Kilimanjaro tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya VVU. Hoja hiyo nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Watu humchangia anayetoka jasho. Sina ugomvi na Adeyanju hata kidogo.

Lakini angalieni alichofanya. Rotary ilikuwa inapambana na polio tangu miaka ya 1980. Kazi ilikuwapo, wataalamu walikuwapo, mahitaji yalijulikana, yeye akaja na pikipiki akaongezea mafuta kwenye taa inayowaka. Ninyi mmeanza na gari, mkatafuta njia, mkachora bango, mwisho mkaniambia nitafute mgonjwa wa kuweka kwenye bango. Zahanati ilikuwa kitu cha saba kwenye orodha yenu, baada ya fulana.

Na bajeti niliiona. Safari: shilingi milioni 42. Zahanati: shilingi milioni 10. Yote katika kapu moja, namba moja ya simu. Kwa kila shilingi ya mama wa bondeni, zaidi ya shilingi nne ni za mafuta, meli, bima, malazi na viza. Hata Mongol Rally, pamoja na mizaha yake, wasafiri hugharamia gari na mafuta yao, na fedha ya hisani ikahesabiwa mbali. Ninyi mmeiga tambo, mkaacha nidhamu. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Dada muuza vitumbua Ubungo akiwatumia shilingi elfu mbili za zahanati, hajui kwamba kituo chake cha kwanza ni dirisha la ubalozi.

Halafu mnasema Watanzania hawachangi bila kionjo. Katika nchi hii? Mwezi uliopita nimepokea kadi nne za michango ya harusi. Tunaunda kamati, tuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tunakutana kila Jumapili, tunasomewa nani kaahidi, nani katoa, ukumbi shilingi ngapi, keki shilingi ngapi. Anayechelewa anakumbushwa mbele ya watu. Tunakusanya mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja, na bwana harusi hatumwambii aendeshe gari bovu hadi Uturuki kwanza. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo huo tunao tele. Kama mnataka kuisaidia zahanati, undeni kamati ya harusi. Mpigieni mganga mfawidhi, mwulizeni anahitaji nini na nini tayari kinaletwa na halmashauri, wekeni lengo, someni hesabu kila Jumapili, kabidhini, mpewe risiti. Haitapata wafuasi mtandaoni, lakini itamalizika ndani ya miezi mitatu.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani ndilo lililoniuma hasa, na lilinichukua wiki hizi tatu kulielewa.

Mnataka kusafiri. Ni hilo tu. Mna miaka ishirini na kitu, mmekulia kwenye madarasa ya watu mia, mmetazama vijana wa Ulaya wakipita kwenu na magari yao mabovu wakicheka, na mnataka zamu yenu. Mimi pia naitaka! Nilipoiona ramani ya safari yenu kwa mara ya kwanza, kabla ya bango, sikulala. Nilijiona niko Addis Ababa, nimekaa juu ya boneti ya Starlet, nanywa kahawa. Hamu hiyo haina dhambi.

Dhambi ni kudhani kwamba kijana wa Kitanzania hana haki ya kwenda kuona dunia mpaka aonyeshe mtu anayeteseka kumzidi. Nani aliwafundisha hivyo? Kijana wa Kidachi hukata tiketi akasema anakwenda kutembea, basi. Sisi tunaona aibu kusema "naomba mnichangie nikatembee", kwa hiyo tunamtafuta mama wa Muze, tunamshika mkono, tunampitisha mbele yetu kwenye kila dirisha, kwa wafadhili, kwa wafuasi, kwa ubalozi, kama karatasi ya utambulisho. Akishatupitisha tunamwacha pale pale. Yeye London haendi. Hata Sumbawanga mjini huja kwa nadra, na akija huwa amelazwa siti ya nyuma.

Semeni ukweli na nitawachangia. Andikeni bango jipya: "Vijana wanne wanataka kuona dunia, naombeni mafuta." Nitatoa elfu hamsini siku ya kwanza, na mjomba ataikagua Starlet bure. Atawaambia mbadilishe rejeta kabla ya lolote, maana hiyo ya sasa nimeiona. Kisha, siku nyingine, kwa namba nyingine ya simu, tukae kikao cha zahanati.

Hicho cha pili nimeshakianza. Jumapili nilimpigia mama mdogo wangu, ambaye ni muuguzi kwenye zahanati moja kule bondeni. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya marafiki zangu, gari, mabara matatu, London, nikamuuliza kama wangechanga, wao pale wangehitaji nini. Hakufikiri sana. Alitaja mashuka ya chumba cha kujifungulia, taa ya kuchaji na tangi la maji, kwa mpangilio huo. Nikaandika. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, na hao wenzako watapita huku mwezi gani?"

Nikamwambia walikuwa wanafikiria Machi.

"Machi hapana. Machi matope yako magotini. Waambie wasije wakakwama, tukaanza kuwahangaikia wao."